Kipima unyevu cha pini mbili kwenye kuta zenye chumvi

Rangi imefanya malengelenge chini ya dirisha, na fundi ameshashika patasi. Kabla hajapiga pigo la kwanza, kipima unyevu cha pini mbili, kile kidogo cha betri ya volti 9, kinaweza kuokoa nusu ya plasta ya chumba. Tunakipendekeza kwa mwenye nyumba yeyote wa Mombasa. Ila kimetengenezwa kwa ajili ya mbao, na hapa kwetu hudanganyika sana kwa sababu ya chumvi.

Kifaa hupitisha umeme mdogo mno baina ya pini zake na kupima jinsi unavyozuiwa. Mbao ikilowa, umeme hupita kwa wepesi na namba hupanda. Kwenye mlango au fremu, asilimia unayoisoma ina maana. Kwa hewa ya pwani, mlango mkavu kabisa husoma asilimia 13 hadi 16, na joto la nyuzi 30 huongeza kama asilimia 1 juu yake, usishtuke. Ikivuka 20, anza kutafuta maji.

Ukutani mambo hubadilika. Asilimia inayoonekana bado ni ya mbao, si ya jiwe. Tena mawe ya matumbawe yana vinyweleo vingi, plasta ikichanganywa na mchanga wa baharini huwa na chumvi tangu mwanzo, na maji ya visima vingi vya hapa ni ya munyu. Ukuta wenye chumvi na unyevu kidogo tu husoma kana kwamba bomba limepasuka. Isitoshe, chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, na asubuhi nyingi za Mombasa hufika hapo. Ndiyo maana doa lilelile hujitokeza wakati wa masika na kufifia jua likikaza, bila tone kuvuja popote. Inasikitisha kuona ukuta mzima wa Mji wa Kale umevunjwa kutafuta bomba ambalo halikuwahi kupita hapo.

Kwa hivyo kitumie kulinganisha. Pima kwanza ukuta mkavu wa nyumba hiyohiyo, uliopigwa plasta ileile, uandike namba yake. Kisha chora miraba ya sentimita 20 kwa penseli kwenye ukuta wenye doa, na uandike namba kila panapokutana mistari. Bomba linalovuja huonyesha namba zinazopanda kuelekea sehemu moja, nyuma ya mfereji au kwenye kiwiko cha bomba. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huonyesha mkanda ulio sawa urefu wote wa ukuta, kwa kawaida chini ya mita 1, na unga mweupe ukingoni mwake wa juu. Namba zikiwa kubwa chini ya AC, mimina lita moja ya maji taratibu kwenye trei yake. Yasipotoka nje kwa kasi ileile, paipu ya kutolea maji imeziba na yanarudi ukutani.

Namba zikikuchanganya, bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ukiziba kingo zote kwa selotepu, uiache saa 16 au zaidi. Matone upande wa ukuta yanaonyesha maji yamo ndani. Matone upande wa chumba ni mvuke wa hewa tu.

Upungufu mwingine ni kwamba pini hupima milimita chache za juu, haziingii kwenye vigae, na zikigusa wavu wa chuma au waya namba hupaa bure. Kwa unyevu wa ndani, zima umeme wa nyaya za ukuta huo, toboa kwa drili ya betri, polepole, hadi sentimita 5, kisha hadi 10, ukikusanya unga wa kila kina peke yake. Pima gramu 50 za kila unga, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105, pima tena. Zikipungua gramu 5, unyevu ulikuwa asilimia 10. Unga wa ndani ukiwa na maji kuliko wa juu, chanzo kiko ndani.

Hapo ndipo bomba lijaribiwe. Jaza tangi, funga maji yanayoingia, funga mifereji yote, weka alama ya kimo, ngoja usiku kucha. Tangi la kipenyo cha mita 1.1 likishuka sentimita 1, umepoteza karibu lita 10. Rudia ukiwa umefunga valvu ya kutokea: likishuka tena, tangi lenyewe linavuja.

Wakati wa kutengeneza, bandua plasta sentimita 30 kupita mpaka wa doa. Kiungo cha PPR, bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto, cha milimita 20 hupashwa moto sekunde 5 kwa nyuzi 260 na kuingia milimita 14. Kikizidi moto au kikisukumwa kupita kiasi, plastiki huziba njia kwa ndani, na kikizungushwa hubaki na ufa. Acha bomba likionekana, likiwa na maji ya nguvu kamili ndani, kwa saa 24 kabla ya kulifunika. Kwenye matumbawe, rudishia chokaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Simenti hufungia unyevu, nao huhamia juu zaidi.

Rangi isubiri. Mafundi hukadiria mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta, na hapa kipima hiki kinalipa gharama yake: rudia ramani ileile kila wiki mbili hadi namba zikaribie za ukuta mkavu. Nunua chenye pini za kubadilishwa na kitufe cha kugandisha namba, kwa sababu nyuma ya sinki huioni. Futa pini kila baada ya kazi na utoe betri, maana hewa ya bahari huzila haraka.