Hedifoni za bei kubwa: ninavyozipanga baada ya kuzivaa kwenye joto

Qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ndiyo iliyonifanya nitafute hedifoni za maana. Kwenye spika ya simu, qanuni ya taarab asilia husikika kama vijiko vinavyogongana ndani ya bakuli. Kwenye hedifoni nzuri unasikia kidole kikikwaruza uzi, uzi unalia, kisha sauti yake inafifia taratibu huku fidla zikiingia kwa nyuma. Ukishaonja hilo, simu peke yake haikutoshi tena.

Tangu hapo nimevaa nyingi: zangu, za kuazima, na za kujaribu madukani kila nikisafiri. Naishi pwani, na pwani imenifundisha kuzipima kwa namna yangu. Sauti utaijua ndani ya dakika tano. Kinachoamua kama pesa yako imekwenda mahali pake ni saa ya tatu, jasho likiwa limeshatoka na utosi umeanza kuuma, na tena mwaka wa tatu, mito ya masikioni ikiwa imechoka.

Hedifoni zangu za kwanza za bei zilikuwa na mito ya ngozi bandia. Kampuni sitaitaja. Mwaka wa pili ile ngozi ikaanza kubambuka, nikawa naamka na vipande vyeusi shingoni kama masizi ya sufuria. Nilipoulizia mito mipya nikaambiwa imegundishwa, haibadilishwi. Spika zake zilikuwa nzima kabisa. Ziko kabatini mpaka leo, na kila nikizitazama roho inaniuma.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine, swali langu dukani ni hili: mito inang'oka? Kebo inachomoka? Kama jibu ni hapana, naaga.

Jambo jingine la kuamua mapema ni kama unataka za wazi au za kufunika. Hedifoni za wazi zina wavu mgongoni, hewa inapita, na sauti haihisi imefungiwa kichwani. Muziki unakaa kama uko chumbani nawe. Sikio nalo linapata hewa, na kwa joto letu hiyo si anasa. Ila kila aliye chumbani atasikia unachosikiliza, na wewe utasikia feni, jogoo na watoto wa jirani. Kwenye daladala hazifai. Za kufunika zinazuia kelele, lakini zinachemsha masikio, na zinategemea sana mto ushike vizuri pande zote. Ukizivaa juu ya mtandio, kofia, nywele za kusuka au mikono ya miwani minene, panabaki upenyo na besi inavuja. Nimewahi kuona mtu akilalamika hedifoni haina besi, kumbe mtandio ulikuwa umekunjamana chini ya mto. Akaulaza vizuri, besi ikarudi.

Sasa mpangilio wangu. Bei nazitaja kwa dola za Marekani, kwa makadirio, bila usafiri wala ushuru.

Nafasi ya kwanza: Sennheiser HD 600

Zilitoka mwaka 1997 na bado zinauzwa, na sababu unaielewa ukizishika. Zina gramu 260 tu. Mwili ni plastiki, mgongoni wavu wa chuma, na mito ya mahameli isiyonata kwenye ngozi hata ukitoka jasho. Mto unaingiza vidole nyuma yake, unavuta, unatoka kwa mlio mdogo; ndani kuna kipande chembamba cha sifongo kinachofunika spika, nacho kinatoka. Yangu huwa naifua kwa mkono, sabuni kidogo na maji ya uvuguvugu, naikausha kivulini. Inarudi bila harufu ya jasho na mafuta ya nazi. Kebo inachomoka kila upande. Mto wa utosini unabadilishwa. Hata wavu unauzwa peke yake.

Kuhusu sauti, sijasikia hedifoni nyingine inayotendea haki sauti ya binadamu kama hii kwa bei yake. Mwimbaji wa kike wa taarab anayepanda juu na kutikisa sauti anabaki mtu, sauti yake haigeuki kuwa kelele kali. Upungufu upo. Besi ya chini kabisa ni hafifu, na uwanja wa sauti ni mdogo, wapigaji wamekukaa karibu. Zikiwa mpya hubana, lakini upinde hulegea kwa matumizi.

Omu zake, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, ni 300, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanazichomeka kwenye simu, sauti inatoka ndogo na kavu, wanaona wameibiwa. Zinahitaji amplifaya, kifaa cha kuongezea sauti nguvu, hata ile ndogo ya mezani. Tenga pesa yake tangu mwanzo. Bei ya hedifoni yenyewe ni kama dola 300 hadi 450.

Nafasi ya pili: Focal Clear Mg

Hawa ni Wafaransa wa Saint-Étienne wanaotengeneza spika zao wenyewe. Clear Mg ilitoka mwaka 2021, na utando wake wa sauti, ule unaotikisika ndani ya spika, ni wa magnesiamu, umekunjwa umbo la herufi M ili uwe mwepesi na mgumu kwa wakati mmoja. Faida yake unaisikia kwenye ngoma ya dumbaki. Pigo linafika na kuondoka papo hapo. Unajua hili lilipigwa katikati ya ngozi, hili ukingoni. Gitaa za dansi la zamani, zile mbili zinazojibizana, unaweza kufuata moja peke yake mwanzo hadi mwisho.

Mikono ya aluminiamu, ngozi utosini, mito yenye matundu madogo madogo inayopitisha hewa kiasi. Uzito ni gramu 450. Saa mbili naenda bila kufikiria. Baada ya hapo nahisi. Omu 55, hivyo haidai amplifaya kubwa. Kwa nini basi si ya kwanza? Bei karibu dola 1,500, na mito yake ya akiba ni ghali. 

Nafasi ya tatu: Meze 99 Classics

Za kufunika, kutoka Romania, vikombe vyake ni mbao za mti wa jozi. Nimeziweka juu ya baadhi ya hedifoni za bei mara nne yake kwa sababu moja: zimeunganishwa kwa skrubu, bila gundi, kila kipande kinafunguka. Fundi mwenye subira wa mtaani kwako anaweza kuzihudumia. Gramu 260, omu 32, simu inaziendesha vizuri. Ukanda wa utosini unajirekebisha wenyewe ukizivaa, hakuna vipimo vya kuvuta.

Besi imejaa, labda imezidi kwa anayependa usahihi, lakini kwa muziki wa dansi wa usiku inapendeza. Mito ni ngozi bandia, inapata joto, na siku moja itachoka. Tofauti ni kwamba utabandua ya zamani na kuvalisha mipya. Karibu dola 300.

Nafasi ya nne: Sennheiser HD 800 S

Hapa nitapingwa, maana wapo wanaoamini hii ndiyo hedifoni ya wazi bora kuliko zote. Kwa upana wa sauti ninawakubalia. Spika zake za milimita 56 zimewekwa kwa mshazari, mbali na sikio, na kundi zima la taarab linatandazwa mbele yako: filimbi ya nai huku, akodiani kule, mwitikio nyuma. Kwa starehe pia hazina mpinzani kwenye orodha hii. Zina gramu 330, vikombe vikubwa visivyogusa sikio kabisa, mito laini ya kitambaa mfano wa suedi. Saa nne zinapita.

Matatizo yangu ni mawili. Sauti za juu ni kali. Toleo hili la mwaka 2016 lilipunguza ukali wa HD 800 ya 2009, lakini rekodi za zamani za redio, zenye mikwaruzo, hapa zinakuonyesha kila mkwaruzo. Na nyingi za hazina zetu ni rekodi za namna hiyo. La pili, omu 300 na bei ya karibu dola 1,800 zinadai amplifaya ya hadhi yake. Kwa anayesikiliza okestra zilizorekodiwa kwa uangalifu, hii ingekuwa ya pili.

Nafasi ya tano: Audeze LCD-X

Wamarekani wa California. Hapa hakuna koni inayosukumwa na koili ya waya. Kuna utando mwembamba sana wenye njia za umeme zilizochorwa juu yake, karibu na sumaku, na utando wote unatikisika pamoja. Besi yake inashuka chini bila kutetereka, ile ala kubwa ya besi inayopigwa ikiwa imesimamishwa inasikika kila noti. Natamani ningeiweka juu. Lakini ina gramu 612. Hiyo ni zaidi ya nusu kilo ya sukari kichwani, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, na mito minene imekumbatia mashavu. Shingo yangu imekataa. Jaribu kwa saa nzima kabla ya kutoa dola 1,200.

Zisizo na waya

Hizi sizipangi na zilizotangulia, kwa kuwa zina betri, na betri huzeeka hata ukizitunza. Bowers & Wilkins Px8 ina ngozi halisi na mikono ya aluminiamu, gramu 320, na sauti iliyo tajiri kuliko zote tatu. AirPods Max ina vikombe vya aluminiamu na mito inayoshikwa kwa sumaku, kubadilisha ni sekunde moja, ila gramu 385 unazihisi. Sony WH-1000XM5 ni plastiki tupu, na ndiyo ningemshauri msafiri: gramu 250, inazima kelele ya injini vizuri sana, na bei ni nafuu kuliko hizo mbili.

Za aina hii ndizo zinazoigwa sana. Nenda dukani na mizani ya jikoni. Bandia mara nyingi huwa nyepesi mno, kwa sababu palipostahili chuma pamewekwa plastiki iliyopakwa rangi. Muuzaji mwenye bidhaa halali hatakasirika ukipima.

Ukifika nazo nyumbani, usiziache juu ya meza usiku kucha kwenye unyevu wa bahari. Futa mito kwa kitambaa kikavu, zirudishe kwenye kasha lake, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vilivyokuja na viatu vyako vipya, vitumbukize humo.