Wikiendi ya kuzamia Scapa Flow: baridi ipo kweli, ila boti ikiwa nzuri utataka kurudi

Wadau, nimerudi juzi kutoka Orkney, visiwa vya kaskazini ya Uskoti, nimezamia siku mbili Scapa Flow, ghuba ya huko yenye meli zilizozama, kwa boti ya kukodi, nikaona niandike kabla sijasahau, maana Waswahili wengi huku Uingereza wamejifunzia kuzamia Unguja, Pemba, Mafia au Diani, wakifika huku wanatundika mapezi wakisema maji ya huku si ya binadamu. Na mi nilikuwa hivohivo miaka miwili. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba nendeni, ila chagueni boti kwa sababu ya nahodha wake na msichukue draisuti (suti ya kuzamia isiyoingiza maji) ya kukodi bila kuikagua wenyewe mkononi na shingoni.

Mi ni mtu wa Mafia, nimejifunzia Chole kwenye maji ya digrii 27, 28. Mwenzangu ni dada wa Kizanzibari anasoma hapa Aberdeen, ana uzoefu kunizidi. Ijumaa tumetoka saa sita mchana gari limejaa mitungi na mabegi, masaa kama matano mpaka Scrabster, halafu meli ya abiria saa moja na nusu hadi Stromness. Kwenye meli kaeni nje upande wa kisiwa cha Hoy, mnapita ile nguzo ya mwamba inaitwa Old Man of Hoy, mita 137 imesimama peke yake baharini. Ilikuwa mwezi wa tano, saa tatu usiku bado kweupe. Boti ilikuwa imefungwa gatini karibu kabisa na meli, tukapakia vitu tukalala humohumo.

Jina la boti siliweki kwa sababu nina malalamiko huko chini, na duka lililonikodisha suti nalo silitaji.

Zamani ilikuwa boti ya uvuvi, ya chuma, nzito, wakaigeuza. Abiria 12. Kila mtu ana nafasi yake kwenye benchi la nje na mitungi yako haitoki pale tangu siku ya kwanza, mpira wa kompresa ndo unakufuata wewe, wanakujazia hapohapo hewa ya kawaida au naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) unayotaka. Na kuna lifti. Nyumbani tumezoea kuvua mtungi majini, vijana wanauvuta juu, afu unapanda ngazi mwepesi. Huku umebeba mitungi miwili ya chuma, uzito kiunoni, manguo ya ndani kama godoro, huwezi ngazi, kwa hiyo unasogea ubavuni mwa boti unasimama kwenye kibao unashika vyuma na mashine inakunyanyua mpaka sitaha, baharia anakupokea anakuongoza hadi kwenye benchi unakaa. Ukivua maski tu, chai hiyo mkononi.

Sasa Jumamosi asubuhi. Meli ya kwanza ilikuwa Karlsruhe, na hapa niwape historia kidogo maana bila hiyo utaona ni vyuma tu. Vita ya kwanza ilipoisha manowari za Mjerumani 74 zililetwa Scapa Flow zikashikiliwa na Waingereza, tarehe 21 Juni 1919 admiral wao Ludwig von Reuter akatoa amri wazizamishe wenyewe, zikazama 52 siku moja. Nyingi zilikuja kuinuliwa zikauzwa chuma chakavu, ila saba kubwa zimebaki chini mpaka leo, manowari tatu nzito (König, Kronprinz Wilhelm na Markgraf) na kruza, yaani manowari nyepesi, nne ikiwemo hii Karlsruhe. Tangu 2001 zinalindwa kisheria, unaangalia tu, huchukui hata msumari.

Kwa mtu wa Mafia hii Karlsruhe si meli ya hivihivi. Sisi tumekua tukisimuliwa Königsberg, manowari ya Mjerumani iliyojificha delta ya Rufiji, Waingereza wakaifanya Mafia kituo chao, ndege zikaruka kutoka kwetu kuitafuta, ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Basi Mjerumani akaunda Königsberg nyingine kwa jina lile la Rufiji, na Karlsruhe iliyolala Scapa ni ya mtindo uleule, dada yake kabisa. Nikamwambia mwenzangu tukiwa tunavaa, akaniambia, kaka hata sie inatuhusu, hiyo Königsberg ya kwanza ndo iliyoipiga Pegasus, manowari ya Waingereza, bandarini Unguja Septemba 1914, mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani na makaburi yao mi nayajua tangu mdogo. Basi tumekaguana vifaa kwa Kiswahili katikati ya bahari ya Orkney, hewa fungua, mkanda shika, bonyeza hapa, sawa dada, sawa kaka, tukaruka.

Kompyuta ya kuzamia ilisoma digrii 9. Midomo inakufa ganzi dakika ya kwanza, paji la uso linauma kama umekula barafu kwa pupa, halafu linaacha na mwili mzima unakuwa mkavu na joto, nilishangaa. Unashuka na kamba kwenye maji ya kijani, unaona mita sita hivi, huoni meli, huoni, mara ukuta unatokea chini ya mapezi yako umejaa viti vya pweza, wale viumbe wa umbo la nyota, wembamba maelfu wamepandana. Imelala ubavu wa kulia, chini kabisa ni mita kama 26. Imebomoka sana ila upande wa mbele mashine za kuvutia nanga zipo zimesimama, na mnyororo wake, pingili moja ndefu kuliko kiganja changu na glavu yake. Nikaweka mkono pale nikakaa. Nilitamani kukaa zaidi.

Sikukaa, kwa sababu ya suti. Ile draisuti inaziba mkononi kwa mpira mwembamba unaobana kifundo, na dukani niliona karibu na upande wa dole gumba wamebandika utepe mweusi, nikauliza, nikaambiwa hiyo haina shida inatumika kila wiki. Nikaamini. Kwenye mita kumi nikasikia uzi wa baridi unapanda ndani ya mkono taratibu, ukafika kiwiko, ukafika kwapani, tulipofika kwenye mnyororo tumbo lote limeshalowa. Dakika ya 18 meno yanagonga kwenye rejuleta (kifaa cha kupumulia) nikampa ishara dada tukapanda, na zile dakika tatu za kusubiri kwenye mita tano, ili mwili utoe gesi kabla ya kutoka, zilikuwa ndefu kuliko safari nzima ya kutoka Aberdeen. Jamani kwenye maji ya digrii 9 suti ikivuja hilo si jambo la usumbufu, ni jambo la usalama, mtu aliyelowa anatumia hewa haraka na akili inakuwa nzito, na ingekuwa kwenye meli iliyolala kina cha mita 40 sijui ingekuwaje.

Na hapa ndo boti ilipata nyota zake zote kwangu. Nahodha hakusubiri nijieleze, aliona natetemeka akanipeleka chumba cha mashine nikae kwenye joto, nguo za ndani zikaanikwa humohumo, nikapewa supu. Kuzamia kwa pili akanikatalia waziwazi, akasema leo basi, na mi roho iliniuma ila alikuwa sahihi. Baharia wake akaichukua suti, akakata ule mpira uliochanika, akaingiza chupa ndani ya mkono ili mdomo ukae duara, akasafisha, akapaka gundi, akavalisha mpira mpya akauacha hadi asubuhi. Alinidai hela ya mpira tu. Dada alienda ya pili na mzamiaji mwingine, akarudi anacheka peke yake.

Jumapili suti kavu kabisa mpaka mwisho. Tuliingia Cöln, nyingine ya zile kruza nne, hii iko kina cha mita 35 kwa hiyo wakatujazia naitroksi ya oksijeni asilimia 28, maana ile ya 32 kina chake cha mwisho salama ni karibu mita 34, na baharia alimpimisha kila mtu mtungi wake mwenyewe na kusaini, hakuna kupimiana. Cöln imebaki na umbo la meli kuliko Karlsruhe, unapita juu ya ubavu wake mrefu unaona madirisha ya duara yamepangana, samaki wamekaa humo wanakuangalia.

Ya mwisho ilikuwa Tabarka kwenye mlango wa Burra, meli kuukuu waliyoizamisha Waingereza wenyewe kuziba njia. Pale maji yanakimbia kama mlango wa Kinasi kule Mafia wakati wa bamvua, unaingia yakisimama tu na yanasimama muda mfupi. Nahodha alikuwa na saa na jedwali ila muda mwingi macho yake yalikuwa kwenye mwani jinsi unavyolala, kama wazee wetu wanavyosoma maji, tumekaa tumeshavaa robo saa nzima anasema bado, bado, afu akasema sasa, wote 12 tumeruka ndani ya dakika moja tukashuka moja kwa moja bila kuelea. Imepinduka chini juu, unaingia ndani ya tumbo lake na mwanga unapenya kwenye matundu kama alfajiri kwenye banda la makuti. Maji safi, unaona mbali mara mbili ya jana. Kwangu hii ndo ilikuwa bora kuliko zote.

Malalamiko ya boti sasa. Hakuna sehemu ya mwanamke kubadilisha nguo, kila mtu anavulia kwenye sitaha au kwenye korido nyembamba, dada yangu akawa anasubiri vyumba vitoke watu, anachelewa kuvaa halafu anaharakishwa. Pazia moja tu lingetosha. Kuhusu chakula sina neno, tuliandika mapema kwamba hatuli nguruwe, tukapikiwa mayai na samaki kwenye kikaango cha pembeni bila kukumbusha. Tumelipa karibu pauni 300 kila mmoja, kitanda, chakula na hewa humo ndani, naona ni haki.

Mkienda, angalieni pia rejuleta, ikiwa imeandikwa >10°C maana yake haikupimwa kwa maji ya baridi kuliko hapo, huku inaweza kuganda ikaachia hewa yote. Na uzito wa kiunoni jaribuni kwanza, Mafia nabeba kilo nne, huku nilihitaji 12.

Duka la suti nimewapelekea picha ya ule utepe, wamejibu kwamba mpira wa mkononi ni jukumu la mteja. Nimenunua suti ya mtumba, mipira yote nimebadilisha mwenyewe kwa chupa na gundi, na nafasi mbili za mwezi wa tisa kwenye boti ileile nimeshazilipia, nahodha ameniandikia kwamba pazia litakuwepo.