Technics SL-1200MK2, bado naipa nyota tano

Nimeitumia hii mashine ya santuri miaka kadhaa na mapenzi hayajapungua, yani kama unapiga tekno au hausi kwenye zile pati za maghalani, giza tupu, moshi, besi inatikisa mpaka kuta, hiki ndo chombo chenyewe. SL-1200 ya kwanza ilitoka 1972 kwa watu wa kusikiliza muziki nyumbani, MK2 ikaja 1979 na kile kitelezi kirefu cha spidi na hapo madijei wakaidaka moja kwa moja.

Raha iko kwenye mota. Haina mkanda, mota inazungusha sahani yenyewe, so ukiisimamisha halafu ukaiwasha inafika spidi ndani ya sekunde 0.7 tu. Kitelezi kinapandisha na kushusha spidi kwa asilimia 8, unaoanisha midundo ya santuri mbili, kila moja kwenye mashine yake, kwa masikio na kidole, hakuna skrini ya kukusaidia, na ile sekunde midundo inapokaa pamoja halafu watu wote wanainuka kwa pamoja aisee siwezi kuielezea. Masikio yenyewe yavalie vizibo lakini, yakiharibika ndo basi.

Ni nzito, kupandisha mbili ngazini ni shughuli, ila uzito huohuo ndo unafanya sindano isirukeruke besi ikinguruma.

Uzalishaji ulisimama 2010, zikarudi matoleo mapya 2016, kwa hiyo MK2 utapata ya mtumba tu, kabla hujalipa shika ule mkono wa sindano uone kama haulegei.