Uzoefu wangu na Penpot, na maboresho ninayoyaomba

Kazi yangu ni kuchora skrini za programu za simu, nyingi zikiwa za vikundi vya kuweka na kukopa, na siku hizi zote nazichorea kwenye Penpot, programu ya dizaini inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Nilianza kuiangalia kwa makini Septemba 2022, Adobe ilipotangaza kuinunua Figma, programu ya aina hiyohiyo niliyokuwa nikiitumia, kwa dola bilioni 20. Mpango ule ulivunjika Desemba 2023, lakini mimi nilikuwa nimeshahama na sikuona sababu ya kurudi. Penpot ni programu huria iliyoanzishwa na Kaleidos ya Hispania, leseni yake ni ya wazi (MPL 2.0), na yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake mwenyewe.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba inapanga vitu jinsi kivinjari kinavyovipanga. Chukua kitufe cha "Thibitisha malipo". Nakiwekea Flex (mpangilio wa kuweka vitu kwenye mstari mmoja), nafasi ya pikseli 16 kushoto na kulia, 12 juu na chini, upana nauacha ufuate maandishi. Mteja akitaka yasomeke "Thibitisha malipo ya hisa", kitufe kinajipanua na vya jirani vinasogea. Developa akifungua sehemu ya ukaguzi anakuta CSS ya kitufe hicho, yaani maelezo ya mwonekano wake ambayo kivinjari kinayasoma, hahitaji kunipigia simu kuuliza vipimo. Toleo la 2.0 la Aprili 2024 liliongeza na Grid (mpangilio wa safu mlalo na safu wima), na hapo ndipo skrini za taarifa za wanachama zilipoanza kunikalia vizuri.

Sasa maombi. La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni kufanya kazi bila mtandao. Programu ni ya bure lakini bando si la bure, na huku kwetu umeme ukikatika mara nyingi na mtandao unaondoka nao. Wenye ujuzi kidogo tunaweza kuiendesha Penpot kwenye laptopu kwa Docker, zana ya kuendesha programu za seva kwenye kompyuta yako mwenyewe, na inafanya kazi vizuri. Fonti za Google zinahitaji intaneti, kwa hiyo fonti ninazozitumia nazipakia mwenyewe mapema. Ukiwa peke yako hiyo inatosha kabisa.

Mkiwa wawili ndipo hitaji linapoonekana. Faili la .penpot ukiliingiza kwenye seva ya timu linaingia kama faili jipya, haliungani na lile ambalo mwenzako ameendelea kulichora. Ninachoomba ni muungano: nikirudi hewani, Penpot inionyeshe nilichobadilisha mimi, alichobadilisha mwenzangu, na pale tulipogusa kitu kimoja inipe nafasi ya kuchagua. Naamini linawezekana, maana faili hilo siku hizi ni zip (faili lililobanwa) yenye JSON ndani, yaani data iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida, kwa hiyo tofauti zinaweza kusomwa kipande kwa kipande. Ofisi yenye seva yake ya ndani inaweza kuishi bila hili. Anayefanya kazi za kujitegemea nyumbani hawezi.

La pili linahusu mifano ya kubofya tunayowapa watu wajaribu kabla msimbo wa programu haujaandikwa. Mpe mweka hazina wa kikundi simu yenye mfano huo. Ataenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kiasi, ataigusa, kisha atasubiri kibodi itokee. Haitokei, kwa sababu ile ni picha. Anakutazama, na kuanzia hapo anajaribu kukuridhisha wewe badala ya kuijaribu programu. Penpot inajua kubofya, kupitisha kipanya juu ya kitu na kusubiri muda fulani, halafu inakupeleka skrini nyingine au inafungua dirisha dogo la juu. Naomba iongezwe sehemu hai ya kuandika, pamoja na sharti rahisi. Kwa vikundi vingi mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mwanachama. Nikiweza kusema "kiasi kikizidi hapa, onyesha onyo", nitamwona mweka hazina yule akiandika namba yake halisi, akikutana na onyo, na nitajua kama amelielewa. Kuchora skrini moja kwa kila namba inayowezekana si kazi ya kumpa mtu. Sihitaji lugha nzima ya programu humo ndani. Namba, ulinganisho na majibu mawili vinanitosha.

Kuhusu rangi na tokeni (thamani zenye majina, kama rangi na nafasi, zinazotumika kote kwenye dizaini) sina la kuomba, na kwa usomekaji wa rangi kuna plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, inayotosha.

La mwisho ni uzito. Timu ya Penpot imekuwa ikijenga injini mpya ya kuchora kwa WebAssembly, teknolojia ya kuendesha programu kwa kasi ndani ya kivinjari, na hiyo ni habari njema kwa mafaili yenye skrini nyingi. Ombi langu ni ipimwe pia kwenye laptopu za mtumba zenye RAM ya GB 4, kwa sababu ndizo wanafunzi wengi wa dizaini wanazoweza kuzinunua, na kuwe na hali nyepesi ambayo inapakia ukurasa ulioufungua tu, picha zikija kwa ubora wa chini hadi utakapozisogelea.