Ninja V na kanzu nyeupe ya bwana harusi
Napiga video za harusi Tanga, na kinachonisumbua kuliko vyote ni kanzu nyeupe chini ya jua la saa saba. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu huonekana sawa. Ukifika nyumbani, darizi ya kanzu imeungua kwa mwanga kwenye video, imekuwa nyeupe tupu, na hairudi tena.

Tangu nifunge Atomos Ninja V, skrini ya nje inayorekodi pia, juu ya kamera, naangalia kwanza grafu ya wevufomu, inayoonyesha mwanga wa kila sehemu ya picha kutoka 0 (nyeusi) hadi 100 (nyeupe), picha baadaye. Skrini ni ya inchi 5 na inang'aa hadi niti 1000, hivyo naisoma hata nje mchana. Kanzu naiacha chini kidogo ya 90. Uso mweusi wa bwana harusi siruhusu ushuke chini ya 40. Vektaskopu, grafu ya rangi za picha, ndiyo niipendayo zaidi: ngozi za watu, nyeusi kwa nyeupe, hulala karibu na mstari mmoja wa grafu hiyo. Zikiuhama, waiti balansi (mpangilio wa kamera unaofanya nyeupe ionekane nyeupe) imekwenda kombo, mara nyingi kwa sababu ya turubai la kijani juu ya wageni.

Chukueni betri kubwa, NP-F970. Waya wa HDMI, unaoleta picha kutoka kwenye kamera, nao ufungeni imara. Wangu ulichomoka bibi harusi akiingia.