Koili ya elfu 25: nyota moja, nayo ni ya boksi

Boksi lake zuri kweli, hadi stika inayong'aa lina. Koili yenyewe, kile kifaa cha kuipa plagi umeme wa cheche, ilidumu siku kumi na moja kwenye Toyota IST yangu ya injini ya 1NZ, na mimi gari ndiyo kazi, abiria kutwa.

Dalili zilikuwa zilezile za ile iliyokufa mwanzo. Kwenye silensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, gari linatetemeka mpaka chupa ya maji inacheza mlangoni, ukikanyaga mafuta halivuti, taa ya injini inawaka na kuzima. Abiria akaniuliza, "Kaka, hii ni dizeli?"

Fundi wangu wa umeme pale Ilala hakukimbilia kuniuzia kitu. Mashine ilisoma P0303, yaani silinda ya tatu haichomi. Akaihamishia koili hiyo silinda ya kwanza, akafuta kumbukumbu, tukazunguka mtaa. Ikaja P0301. Ugonjwa umemfuata mwenyewe, kwa hiyo plagi na nozeli hazina kesi.

Nikamuuliza, kitu kipya kinakufaje? Akanionyesha pini nne: ya umeme wa betri, ya bodi (hasi), ya amri kutoka kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, na ya kurudisha jibu kwamba amri imetekelezwa. Kontrolboksi inajua saa ya kuchoma kwa kusoma meno 34 ya gurudumu la kwenye kranki. Pale palipoachwa pengo la meno mawili ndipo inapopata alama ya hesabu yake. Amri ikija, umeme unapita na sumaku inajengeka ndani ya koili. Amri ikikatika, transista, swichi iliyomo ndani ya koili, inakata umeme ghafla, sumaku inaanguka, na zile volti 12 zinazaa maelfu ya volti za kurusha cheche kwenye plagi. Corolla ya marehemu baba ilikata umeme huo kwa platinamu, vile vyuma viwili vya kugusana na kuachana, na kuisugua kwa msasa ilikuwa kazi yangu kila ilipogoma.

Sasa hii ya boksi transista yake haivumilii joto. Asubuhi gari zima kabisa, saa nane kwenye foleni ya Mandela linamisi. Na petroli isiyoungua inashukia kwenye masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, ambayo bei yake sitaki hata kuitaja.

Nimefunga ya mtumba, Denso, elfu 45. Mwezi wa tano huu, kimya. Dukani nilikonunua ile mpya waliniambia spea ya umeme hairudishwi.

Boksi mwanangu anawekea penseli.