Mean Streak ya mbao au Steel Vengeance ya chuma?

“Anko, ipi ilikuwa bora?” Wapwa zangu waliniuliza tukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, Mwanza na mawe yake vikibaki nyuma. Zote ni rola kosta, yaani treni za burudani zinazopanda na kushuka kwa kasi, za Cedar Point, bustani ya michezo ya Ohio, Marekani, kando ya Ziwa Erie. Mean Streak ya mwaka 1991 ilikuwa na kimo cha mita 49. Mbao zililia kama mtumbwi unaopigwa na mawimbi, mwili mzima ukitikisika. Mwaka 2018 kiunzi chake kilirudi na reli za chuma, kikiitwa Steel Vengeance: mita 62, kilomita 119 kwa saa, kupinduka kichwa chini mara 4. Steel Vengeance ni laini na kali zaidi, sibishi. Ila mlio ule wa mbao naukumbuka sana, na ningeuchagua hata leo.